Acheni kusugua bangili za fedha

Hivi nani aliwaambia wauzaji wa huku Ujiji kwamba fedha ya zamani lazima ing'ae kama sufuria mpya? Unaulizia bangili ya kizamani, jibu ni "Subiri dada'angu, nikusafishie kwanza." Hujafungua mdomo, stili waya na majivu vishaingia kazini. Ule weusi uliolala kwenye nakshi, ambao fedha huupata taratibu kwa salfa iliyomo hewani, ndio uliokuwa unaonyesha ua liko wapi na jani liko wapi. Unarudishiwa kitu cheupe pee, mikwaruzo kila upande, ua halionekani. Halafu bei imepanda, eti kimesafishwa!

Na hizo hadithi sasa. Kila pete ni "ya Waarabu wa misafara". Sawa, misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo ilifika hapa, sikatai. Ila pete iliyogongwa 925 ililetwa na msafara upi? Namba hiyo maana yake ni sehemu 925 za fedha katika 1,000, na mwenye nyundo yeyote anaweza kuigonga popote.

Sumaku nayo msinitolee, eti isiponasa basi ni fedha halisi. Ile wanayoiita fedha ya Kijerumani ni shaba, nikeli na zinki, fedha hamna hata chembe, na kwa kawaida sumaku haiishiki, kama isivyoishika fedha yenyewe.

Jamani, niuzieni bangili ikiwa chafu hivyohivyo. Kitambaa laini ninacho nyumbani.