Sigma 18-50 au Tamron 17-70? Angalia kwanza unashikaje kamera

Wadau wa Sony zenye sensa ndogo, hasa a6400 na ZV-E10, ubishi wa lenzi ya f/2.8 hauishi, huyu anasema Sigma 18-50 ndo kali, yule anasema Tamron 17-70 (namba hizo ni milimita, kuanzia pana mpaka ukivuta karibu). Kwa ukali wa picha mi naona tunasumbuana bure, zote zinatoa kazi safi. Tofauti iko kwenye mikono yako na aina ya kazi unazopiga.

Kwanza kwa nini f/2.8, yaani kipimo cha tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo mwanga unaingia zaidi. Ile 16-50 inayokuja na kamera ukiivuta mpaka 50 inakupa f/5.6, na ukirekodi fremu 25 kwa sekunde shata (muda kila fremu inapokea mwanga) umeshaiweka 1/50, sasa ukumbini MC kazima taa zimebaki zile za rangi tu, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) inapanda mpaka 6400 na chenga zinajaa kwenye shela la bi harusi. Kwa f/2.8 mwanga unaingia mara nne, unarudi ISO 1600 hapohapo. Hilo zote mbili zinalimaliza.

Sigma ina gramu 290 tu. Ukiiweka kwenye gimbali ndogo (kile kishikio chenye mota cha kutuliza kamera) unabalansi haraka, unazunguka na maharusi usiku kucha mkono haujafa ganzi. Na zilipotoka, bei ya Marekani Sigma ilikuwa dola 549, Tamron 799, hiyo tofauti ya 250 ni hela ya maana kabisa kuanzia gimbali.

Tamron ina gramu 525, karibu mara mbili, ila ina kizuia mtikisiko ndani yake, na hizo bodi mbili nilizotaja hazina. Watu wanalichukulia poa hili. Kanisani padri hataki kameramani asogee madhabahuni, umesimama nyuma ya mabenchi, wanavalishana pete, unavuta mpaka 70 ambayo ni kama 105 kwenye fulu fremu (kamera za sensa kubwa) na vidole unavipata vizuri, Sigma inaishia kama 75. Bila kizuia mtikisiko, mkono mtupu, kwa umbali ule video inatetemeka tu. ZV-E10 inaweza kutuliza kwa programu lakini inakata pembeni za picha, kwa hiyo upana ulionunua unapungua.

Ila kizuia mtikisiko hakimgandishi mtu anayecheza! Kinatuliza mikono yako basi. Kama kazi yako ni picha mnato, wageni wakiingia na zawadi wanacheza unahitaji shata ya haraka, 1/200 kwenda juu, na hapo f/2.8 ya Sigma na ya Tamron ni ileile, unakuwa umelipia kitu usichokitumia.

Kwa hiyo anayepiga video peke yake, kamera moja, mkononi, mi namwambia Tamron bila kusita hata kama itabidi adunduize miezi kadhaa. Mwenye gimbali tayari au mtu wa picha, Sigma.

Ila kama unapanga kuhamia fulu fremu karibuni usichukue yoyote kati ya hizi, kule zitakata picha. Hapo kuna Tamron 28-75 f/2.8 G2, gramu 540, ujue tu kwamba kwa sasa kwenye sensa yako ndogo hiyo 28 inakuwa kama 42, na picha ya familia nzima jukwaani itabidi urudi nyuma sana.