Chupa Zimenihamisha Kitandani

Juzi saa nane usiku naamka kwenda msalani. Stima hakuna, Kisauni hapa Mombasa tushazoea. Hatua ya kwanza: kraa! Ya pili: kraa kraa! Watoto wakapiga mayowe ya mwizi, jirani akagonga ukuta, nami nikajikuta nimekaa kitako juu ya chupa tupu za maji na soda, nyingine zimebiringika hadi mlangoni.

"Mama watoto, hii ni nyumba au jaa?"

"Jaa liko Mwakirunge. Hizi ni pesa. Lala."

Nikanyamaza. Mwanamume akitajiwa pesa saa hiyo hunyamaza.

Mke wangu na plastiki wametoka mbali. Zamani nyuma ya mlango wa jikoni alitundika mfuko wa nailoni, ndani yake mifuko, na ndani ya mifuko mifuko. Agosti 2017 serikali ilipoipiga marufuku, faini hadi shilingi milioni 4, nilimwona autazama ule mlango midomo inahesabu. Nikadhani nimepona. Kumbe anahamia chupa!

Basi Jumamosi nikatwikwa gunia la chupa kwenda kwa jamaa wa mizani, anayezinunua kwa kilo. Gunia limenishinda kimo, tuktuk zanipigia honi, nami najiona tajiri. Jamaa akalitundika: kilo tatu. Nikamwambia mizani yake inaumwa. Akacheka. "Mzee, chupa tupu ya maji ya nusu lita haifiki gramu 20. Kilo moja yala zaidi ya chupa 50." Halafu akaanza kukagua. Za rangi kule, nyeupe huku, vifuniko vyote vitolewe kwa sababu vile ni plastiki nyingine. Mwisho akafikia chupa nne nilizosahau maji ndani. Maji kidogo tu, wallahi. Akazimimina moja moja mbele ya miguu yangu bila kusema neno, watoto wenye magunia yao wananitazama.

Pesa ilitosha chai na mahamri. Nilikula huko huko.

Sasa kaja na jipya. Ati kukusanya hakutoshi, lazima tununue na vitu vilivyotengenezwa kwa taka. "Watu wasiponunua, yule wa mizani atampelekea nani?" Nikafoka: mimi, mtu mzima, nivae taka? Yeye hakujibu. Alinitazama miguu. Nilikuwa nimevaa akala za tairi la lori, huu mwaka wa sita, na nyuma yake chai inachemka kwenye jiko lililogongwa kwa bati la pipa kuukuu.

Akanunua nguzo za plastiki iliyoyeyushwa, za ua wa kuku. Bei ilinipandisha presha. Lakini tuseme kweli: boriti za kwanza zililiwa na mchwa, za pili kuna mtu, simtaji, alipikia maharagwe, na mabomba ya chuma yalikwenda kwenye skrepu usiku mmoja. Hizi nguzo ziko pale pale. Mchwa wamepanda, wakashuka. Mwizi amekuja, akazishika, akaondoka. Namlaumu sana huyo mwizi, maana angeiba hata moja nami ningepata la kusema.

Na mwiba mwingine huu: wenzetu Lamu waliunda jahazi la plastiki, Flipflopi, tani 10 za taka, wakalivika ndara 30,000, na mwaka 2019 likatia nanga Zanzibar. Mimi ndara zangu zimeibiwa msikitini mara tatu. Huenda ikawa moja yao imeiona Zanzibar, na mwenyewe sijafika.

Jana tuko kwenye feri ya Likoni, kijana kamaliza maji, kauvuta mkono aitupe chupa baharini. Nikamdaka kiganja. "Nipe mimi, mwanangu." Abiria wakanisifu, mama mmoja akasema wazee kama hawa wamebaki wachache, bahari yetu wanaionea uchungu. Nikainamisha kichwa kwa adabu, huku nafungua kifuniko na kumwaga matone yaliyobaki, kwani yule wa mizani sasa ananijua.