Land Rover ya Series Iachwe na Injini Yake

Ukiomba kufunguliwa boneti ya Land Rover Series III, toleo la mwisho la zile Land Rover za zamani ziitwazo Series, mjini Arusha siku hizi, usishangae kukuta chini yake injini ya dizeli iliyotengenezwa Japani, imeshikiliwa na mabano yaliyochomelewa gerejini, na mbele yake rejeta ya gari jingine kabisa. Mwenye gari atakueleza kwa fahari kwamba sasa halimsumbui, linapanda mlima na halinywi mafuta. Mimi ni mwanachama wa klabu ya wapenzi wa magari haya, na hoja ninayoitetea katika mikutano yetu, mara nyingi nikiwa upande wa wachache, ni kwamba gari ambalo bado lina injini yake ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 lisiondolewe injini hiyo, na kwamba klabu inayojiita ya magari ya zamani ina wajibu wa kumsaidia mwanachama kuitunza kabla ya kumpigia makofi kwa kuing'oa.

Simlaumu anayelitumia gari lake kwa kazi. Mtu anayepeleka maziwa mjini kutoka Monduli kila alfajiri, au anayetoa magunia ya mahindi shambani hadi barabara kuu, ana watoto wa kusomesha, na dizeli inampa kilomita nyingi zaidi kwa kila lita. Kwake Land Rover ni jembe, na jembe hubadilishwa mpini bila kumwomba mtu radhi. Maneno yangu yanatuhusu sisi tunaolitoa gari mwisho wa juma, tukalipiga picha, tukalibandika stika ya klabu na kuliita urithi.

Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa ameibuni kwa ajili ya wakulima wa Uingereza, nchi iliyokuwa bado inauguza majeraha ya vita, na kwa kuwa chuma kilitolewa kwa mgawo, bodi yake ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Huku kwetu ilikuja kama gari la bwana shamba, la polisi, la mishenari na la mganga wa wilaya, na katika miaka ya 1970 ikawa inaunganishwa hata Thika, Kenya, katika kiwanda cha Leyland. Injini ninayoizungumzia ilianza na Series II mwaka 1958, ikapita katika IIA, ikafika Series III, na haikuachana na ukoo huo hadi Series ya mwisho ilipotoka kiwandani Solihull mwaka 1985. Ina nguvu za farasi sabini na kitu tu, na kila kitu kingine ndani ya gari kilipangwa kufuatana na udogo huo: breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne, springi za majani, difu yenye uwiano wa 4.7 kwa 1, na hafu shafti za nyuma, yaani vyuma vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu, ambazo, hasa kwenye gari fupi la 88 (inchi 88 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma), zinajulikana kwa kukatika hata zikiendeshwa na injini yake halisi. Anayeweka injini yenye nguvu zaidi bila kugusa breki wala ekseli amelipa gari mwendo ambao halina uwezo wa kuusimamisha, na ameikabidhi gia boksi mzigo ambao haikuumbwa kuubeba.

Malalamiko ya kwanza dhidi ya injini hii ni ulaji wa mafuta, na hapa ningependa tukae kidogo, kwa sababu ninaamini injini nyingi zimeng'olewa kwa kosa la kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Series nyingi zilizotoka kiwandani tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 zina kabureta ya Zenith, aina ya 36IV. Kifuniko chake cha juu hupinda kutokana na joto la miaka mingi, na pete ndogo ya mpira iliyo kati ya kifuniko hicho na kipande cha ndani chenye majeti (vitundu vinavyopima petroli) huchakaa. Hapo petroli hupita mahali isipopaswa kupita, mchanganyiko ukazidi mafuta, moshi mweusi ukatoka nyuma, plagi zikajaa masizi, na mwenye gari akahitimisha kwamba injini ya Mwingereza ni mlevi wa kuzaliwa. Fundi asiyeijua Zenith atabadilisha plagi, atasafisha majeti, atazungusha skrubu ya mwendo wa injini gari likiwa limesimama hadi injini itulie kidogo, kisha atamshauri mteja atafute injini nyingine, ambayo kwa bahati nzuri anayo shemeji anayeiuza.

Tiba yake inahitaji kipande cha kioo kinene, msasa laini wa maji na subira. Msasa unalazwa juu ya kioo, kifuniko kinasuguliwa juu yake taratibu kwa mzunguko hadi uso wake wote uwe umeng'aa kwa usawa, pete mpya ya mpira inawekwa, kimo cha boya kinaangaliwa, na skrubu za kifuniko zinakazwa kwa zamu bila kutumia mabavu, maana mabavu ndiyo yaliyosaidia kukipinda tangu mwanzo. Gharama yake haifikii hata bei ya mabano ya kufungia injini ngeni. Gari fupi la 88 lililorekebishwa hivyo hutembea kilomita 6 hadi 7 kwa lita kwenye lami likiendeshwa kwa ustaarabu. Hayo bado ni mafuta mengi ukilinganisha na gari dogo la kisasa, lakini kwa gari linalotoka Jumapili kwenda Usa River na kurudi, itachukua miaka mingi kabla tofauti hiyo haijarudisha fedha iliyotumika kununua injini, kuifunga, kuibadilishia rejeta na kuitafutia propela ya urefu mpya.

Ukimalizana na kabureta, njoo kwenye distributa, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa plagi. Nafasi ya pointi, yaani swichi ndogo inayokata na kuunga umeme, katika distributa ya Lucas ya wakati huo ni kati ya milimita 0.35 na 0.40, na nafasi ya valvu zote, za kuingiza na za kutolea moshi, ni milimita 0.25. Hivi ni vipimo ambavyo mtu yeyote mwenye fila geji, vile vibati vya kupimia nafasi nyembamba, na jioni moja ya utulivu anaweza kuvifuata. Kinachosumbua zaidi kuliko vipimo ni ubovu wa spea za kunakili. Kuna kondensa mpya (kifaa kidogo kinacholinda pointi zisiungue kwa cheche) ambazo hufa injini ikipata moto, gari likazima katikati ya mlima, kisha likipoa likawaka kama kwamba hakuna kilichotokea, na mtu anaweza kununua pampu ya mafuta na koili bila sababu kabla hajaishuku kondensa aliyoifunga juzi, kwa sababu ni mpya. Ndiyo maana mimi, ambaye wenzangu hunitania kwa ukale, sina ugomvi na kifaa kidogo cha elektroniki kinachofichwa ndani ya distributa badala ya pointi na kondensa. Kinafungwa kwa bisibisi na kufunguliwa kwa bisibisi. Mwenye gari wa baadaye akitaka pointi zake, atazirudisha kabla chai haijapoa.

Hapo ndipo ninapouweka mpaka wangu. Badiliko linaloweza kufutwa kwa spana na bisibisi ni hiari ya mwenye gari: alteneta badala ya dinamo, gia ya ziada ya kupunguza mbio za injini barabarani, springi za parabola kwa wenye migongo mibovu. Badiliko linalohitaji grenda ni habari nyingine. Injini ngeni nyingi haziingii mpaka mabano ya asili kwenye chesisi yakatwe, na ukuta wa mbele wa kabini upigwe nyundo au utobolewe ili kupisha bomba na nyaya. Siku chuma hicho kinapokatwa, gari limepoteza kitu ambacho hakuna duka la spea linalokiuza.

Wenzetu wa nje wamelifikiria jambo hili muda mrefu. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, hulitambua gari kuwa la kihistoria likiwa na umri wa angalau miaka 30, likiwa limehifadhiwa katika hali sahihi ya kihistoria, na likiwa halitumiki kama usafiri wa kila siku. Uingereza kwenyewe, tangu Mei 2018, gari lililotimiza miaka 40 halilazimiki kupita ukaguzi wa kila mwaka, lakini msamaha huo hauligusi gari lililofanyiwa mabadiliko makubwa ndani ya miaka 30 iliyopita, na injini isiyo ya asili yake inaweza kuhesabiwa miongoni mwa mabadiliko hayo. Sitaki tuige kila kitu. Sharti la kutotumia gari kila siku, kwa mfano, lingewafuta watu wetu wengi wanaostahili heshima kuliko sisi wa mwisho wa juma, wale ambao gari lao limekuwa barabarani tangu babu yao alipolinunua kwenye mnada wa serikali. Ninachokichukua kwao ni lile wazo la hali sahihi.

Kuna kifaa kimoja cha asili ambacho hunisikitisha zaidi kinapotupwa, nacho ni kichungi cha hewa cha oili. Hewa huingia, ikapita juu ya bakuli la oili, vumbi likanaswa humo, na hewa safi ikaendelea kwenye kabureta. Hakuna karatasi ya kununua. Baada ya safari ya vumbi kuelekea Simanjiro au Natron unalifungua bakuli, unamwaga tope, unaliosha kwa mafuta ya taa, unatia oili mpya, basi. Watu wanakitupa kwa sababu ni kizito na kinawapaka mikono, halafu wanaweka kichungi cha karatasi ambacho katika vumbi letu huziba upesi.

Na fedha? Injini inakula fedha ambayo chesisi inaililia. Watu hudhani kwamba kwa kuwa bodi ni ya alumini basi gari haliozi, kumbe chini ya hiyo alumini kuna chesisi ya chuma yenye uwazi ndani, na kutu huanzia humo humo ambako macho hayafiki, hasa kwenye boriti ya nyuma na mikono inayotoka pembeni kushikilia bodi. Magari yaliyoishi Tanga au Mombasa yana maradhi ya ziada: pale alumini inapogusana na chuma, hewa ya chumvi huila alumini, ikaacha unga mweupe chini ya rangi, nawe ukaisukuma kwa kidole ikatoboka. Nikiombwa ushauri na mwanachama mpya mwenye akiba ya kutengeneza kitu kimoja tu, humwambia alaze mkeka, aingie chini ya gari na nyundo ndogo, agonge chesisi yote, na asikilize. Injini inayotoa moshi itamsubiri.

Raha ya gari hili, kwa wale wanaouliza tunapata nini, si mwendo. Kwa kilomita 80 kwa saa mlio wa gia na upepo hukulazimisha kuongea kwa sauti ya mnadani. Raha iko katika kujua kila kinachotendeka: unasukuma chini kitufe cha njano na magurudumu ya mbele yanaingia kazini, unavuta kijiti chekundu na gari linashuka gia nzito, unafungua vile vibao viwili chini ya kioo cha mbele na hewa ya Monduli inakupiga kifuani. Injini ya petroli ikiwa imepangwa vizuri, ukisimama kwenye kivuli huisikii kwa kelele, bali kwa mtetemo mdogo wa kijiti cha gia. Dizeli ya kuazima haina adabu hiyo, na hapa ninakiri kwamba ninazungumza kwa mapenzi zaidi kuliko kwa uhandisi.

Oktoba 2024 mamia ya Land Rover zilikusanyika hapa Arusha, na mji mzima ulijaa milio yake. Nilifurahi kama mtoto. Lakini mkusanyiko haumfundishi mtu kunyoosha kifuniko cha Zenith. Mafundi wanaozijua Series wamezeeka, na kijana anayetoka chuo cha ufundi leo amefundishwa kuchomeka kompyuta na kusoma hitilafu kwenye kioo, jambo jema kwa riziki yake, ila gari letu halina pa kuchomeka. Ningependa sehemu ya michango ya klabu ilipe posho ya vijana wawili watakaokaa na wazee hao Jumamosi, wakashika spana wao wenyewe, na sehemu nyingine iagize kwa pamoja pete, gasketi na kondensa zenye ubora unaojulikana, maana kontena dogo la watu ishirini ni nafuu kuliko vifurushi ishirini vya mtu mmoja mmoja. Stika na fulana zisubiri mwaka mmoja.

Kwa wale ambao tayari wamekwisha kubadilisha, sina haja ya kuwahukumu. Nina ombi la vitendo. Injini yako ya zamani, kama bado iko nyuma ya gereji ikifunikwa na maturubai, usimpe mnunuzi wa chuma chakavu. Mwaga maji yote yaliyobaki kwenye bloku, tia oili kidogo katika kila silinda kupitia tundu za plagi, zungusha krankshafti kwa mkono, ziba matundu kwa vitambaa safi, kisha nakili namba yake na uilete kwenye mkutano wa klabu. Kuna mwanachama ambaye bloku yake imepasuka na gari lake liko juu ya matofali tangu mvua za masika.