Ramani za matabaka: lipi lifichwe, lipi lisahihishwe

Katika QGIS, programu huria ya kutengenezea ramani, data na mwonekano wake ni vitu viwili. Ramani hujengwa kwa matabaka yanayowekwa moja juu ya jingine, kwa mfano tabaka la mito na tabaka la majengo. Faili la mito lina nukta zilizopimwa na majina. Rangi, unene wa mstari na maandishi vinakaa kwenye faili la mradi. Badili rangi utakavyo, vipimo vinabaki vilevile. Ndio msingi wa kuhariri bila kuharibu data ya asili, na wanaoutetea wana hoja nzito.

Chukua mto Msimbazi, Dar es Salaam. Kwenye ramani ya kata, kila kona yake inahitajika. Kwenye ramani ya mkoa mzima, kona hizohizo zinabanana hadi mto unakuwa doa. Wapo wanaopunguza nukta na kuhifadhi juu ya faili lilelile. Nukta hizo hazirudi tena, na ukishafunga programu huna cha kutendua. QGIS inaweza kuulainisha mstari wakati wa kuuchora tu, bila kugusa faili. Mto mmoja unatoa ramani mbili, na anayepanga makazi ya bondeni bado ana vipimo kamili.

Gharama zipo. Mstari unaolainishwa hivyo hukokotolewa upya kila unaposogeza ramani, na laptop yenye kumbukumbu ndogo inachoka. Tena faili la mradi kwa kawaida halibebi data, linaonyesha tu ilipo. Mtumie mwenzako faili hilo peke yake, naye atakutana na orodha ya matabaka yasiyopatikana. Kuweka data na mradi ndani ya GeoPackage moja, yaani faili moja linalobeba matabaka mengi, kunapunguza adha hiyo.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kuficha kosa. Tuseme nyumba ya bondeni imebomolewa. Mchoraji anaweka kichujio ili isionekane, na ramani inachapishwa ikiwa sahihi. Mtu wa idara nyingine anafungua data ileile kwenye programu nyingine, nyumba anaiona, na anaihesabu kati ya majengo yaliyo hatarini. Data haikuguswa, na ndiyo maana imepotosha.

Hapo wanaohariri data moja kwa moja wana haki ya kusikilizwa. Katika Ramani Huria, mradi ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi waliingiza majengo na mifereji ya maeneo yanayofurika kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Huko mtu anarekebisha kitu chenyewe, lakini kila kitu kina namba ya toleo, na matoleo ya zamani yanabaki yakionyesha nani alibadili na lini. Kwa hiyo data inaweza kuguswa kwa usalama, ilimradi kumbukumbu ya mabadiliko iwepo.

Mimi naamua kwa kuuliza kama kilichobadilika ni ardhi au ni karatasi. Mfereji ukihamishwa, narekebisha data na kuandika tarehe na chanzo. Majina mawili yakigongana, nasogeza maandishi kwenye mradi, basi.

Mpaka wa mafuriko haukai vizuri upande wowote. Maji yanafika hapa mwaka huu, kwingine mwaka ujao. Ukiuchora mpya juu ya wa zamani kwa jina la kusahihisha, umefuta ushahidi wa familia iliyofurikiwa mwanzo. Kila mafuriko yapewe tabaka lake lenye tarehe, hata kama orodha itakuwa ndefu.