Bibi kaleta ubani saa nane usiku

Jamani mimi nina kijana wa miaka 15, yuko form two, na leo nimechoka. Hivi chumbani kwake mpaka sebuleni ni hatua sita, nimezihesabu, lakini mama yake akitaka kumuita kula anamtumia meseji WhatsApp, maana ukiita kwa mdomo hasikii, eafoni ziko masikioni toka asubuhi. Na meseji anaijibu fasta, "nakuja", ugali unapoa unakuwa tofali, ye bado anakuja tu.

Simu nilimnunulia mwenyewe, simlaumu mtu. Alisema walimu wanatuma noti kwenye grupu. Laini nikasajili kwa kidole changu hiki hiki. Noti sijaziona mpaka leo, vocha ndo naziona.

Sasa mama yangu mzazi kashuka kutoka Lushoto kuja kuona wajukuu, analala chumba kinachopakana na cha dogo. Usiku wa pili, saa nane hivi, bibi wa watu anasikia mjukuu anaongea peke yake gizani, "nyuma yako! nyuma yako! nimepigwa, nimekufa, njoo unifufue!" Kimya. Halafu kacheka. Wewe ungefanyaje? Bibi kaamka kawasha mkaa, katia ubani kwenye chetezo, kasimama mlangoni anasoma Ayatul Kursiy kwa sauti mpaka bati linaitikia, mimi natoka na bukta nikijua nyumba inaungua, naingia chumbani moshi mtupu, dogo yuko ndani ya shuka anawaambia wenzake kwenye maiki, "oya nisubirini kidogo, bibi ananifukiza."

Kumbe anacheza Free Fire, gemu la kwenye simu. Watu 50 wanamwagwa kisiwani na parachuti wanauana mpaka abaki mmoja, na mechi yenyewe kama dakika kumi tu, ndo maana ukimfokea anakwambia "hii ya mwisho baba", na kweli inaisha, inaanza ya mwisho nyingine.

Nikaingia mtandaoni kutafuta dawa (mimi huwa naingia kwa mambo ya maana), nakuta Shirika la Afya Duniani walishaiweka hii ya magemu kwenye orodha yao ya magonjwa, walipitisha 2019, kwamba mtu anashindwa kuacha hata maisha yakimharibikia, ila kwa kawaida hali iwe imedumu kama miezi 12. Miezi 12! Mimi hapa nanunua bando la siku. Nakuta tena China toka 2021 mwenye chini ya miaka 18 anaruhusiwa gemu la mtandaoni saa moja tu kwa siku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu, kuanzia saa mbili usiku, saa tatu kwisha kazi. Hapo nikanenepa. Nikamuita, nikamsomea kama hakimu. Kasikiliza kwa adabu zote, kisha kasema, "Ila baba, si wanatumia akaunti za wazazi wao?"

Nikacheka, mjinga mimi.

Jana naweka vocha ya buku nimpigie fundi bomba, inaingia meseji, asante, deni lako la bando limelipwa, salio sifuri. Deni? Mimi sijawahi kukopa bando toka nizaliwe! Naangalia lilikopwa lini, juzi, saa saba na dakika 40 usiku. Simu yangu ilikuwa kwenye chaji sebuleni, hatua sita kutoka kwa mtu asiyeweza kuja kula.