Mtihani wa Kiingereza kwa walimu watarajiwa upime kusoma, si bahati

Mwalimu wa sayansi wa darasa la 6, awe Micheweni kisiwani Pemba au Makunduchi kisiwani Unguja, kila siku anafungua kitabu cha Kiingereza, anasoma ukurasa, kisha anawaeleza watoto. Ukurasa ukiwa na maneno 300 na yeye akawa hayajui 15, basi karibu kila mistari miwili anakutana na neno lisilomwambia kitu. Wataalamu wa msamiati, Paul Nation wa New Zealand akiwa miongoni mwao, wanakadiria kwamba msomaji anafahamu vizuri bila ya msaada pale anapojua kama asilimia 98 ya maneno yaliyo mbele yake. Kwenye ukurasa ule, yasimpite zaidi ya 6. Pengo hilo, baina ya 15 na 6, ndilo ambalo mtihani wa kuwachuja walimu unapaswa kulitafuta.

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la 5. Tangu hapo Kiingereza cha mwalimu kimekuwa jambo la kila anayeshika chaki, si la mwalimu wa somo hilo tu. Ndiyo maana naona ni kosa kumpima mwalimu mtarajiwa kwa mtihani ule tuliouzoea: neno limepigiwa mstari, chini yake A, B, C na D, chagua lenye maana sawa.

Tufanye hesabu. Maswali ni 40, kila moja lina majibu manne. Asiyejua hata neno moja, akitia alama kwa kubahatisha, kwa wastani anaondoka na 10. Aliyepata 20 amekosa 20. Kanuni ya kuondoa bahati inagawa makosa kwa 3 na kuyatoa kwenye alama alizopata, kwa hivyo anabaki na 13 hivi. Yaani tukiweka ufaulu kwenye nusu, tunaweza kumpitisha mtu anayejua theluthi.

Maswali ya kuchagua hayana haja ya kutupwa, kwa sababu yanasahihishwa haraka na bila ya upendeleo. Yabadilishwe umbo. Nation alitumia mpango wa maneno 6 upande mmoja na maana 3 upande wa pili, mtahiniwa anaoanisha. Bahati inashuka kutoka moja kwa nne hadi moja kwa sita, na mtungaji hana kazi ya kubuni vipotoshi vitatu, yaani majibu yasiyo sahihi ya kumjaribu mtahiniwa, kwa kila swali.

Kubwa zaidi ni maneno gani yaulizwe. Watungaji wengi hukimbilia maneno makubwa ya kamusini, yale ambayo mtoto wa darasa la 6 hatayaona mpaka anazeeka. Chukueni vitabu vitatu vya darasa la 5 hadi kidato cha 2, fungueni kila ukurasa wa kumi, yaandikeni maneno yote, kisha yaondoeni yale ya kitaalamu. Photosynthesis haimwangushi mwalimu, kwa kuwa somo zima limewekwa kulieleza neno hilo. Kinachomwangusha ni yale yanayobaki.

Yanayobaki ni ya aina mbili. Kuna maneno yanayojulikana kwa maana moja na kutumika kwa nyingine: table ni meza, lakini kitabu kinaposema “study the table” ni jedwali, product ni bidhaa, lakini kwenye hisabati ni jawabu la kuzidisha, volume ni sauti ya redio, kisha ni ujazo, solution ni ufumbuzi, kisha ni maji yaliyoyeyushwa chumvi. Na kuna viunganishi: although, unless, whereas, hence. Hivi havipimwi kwa kuulizwa maana, vinapimwa ndani ya sentensi. Mpeni mtahiniwa “Do not heat the tube unless it is dry” kisha muulizeni: testi tyubu ina majimaji kwa nje, uipashe moto au usiipashe? Anayeisoma unless kama if atajibu kinyume, na siku akiwa maabara kioo kinaweza kumpasukia mbele ya watoto.

Vipotoshi navyo vitoke kwenye Kiswahili chetu, maana makosa yetu yanatoka huko. Sisi mkono ni mmoja, kuanzia begani hadi vidoleni. Kiingereza kina arm na hand. Sentensi “She bent her ___ at the elbow” yenye arm, hand, wrist na finger inamchuja mtu kwa haki. Kidole chetu ni finger na pia toe. Tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia njaa, na Kiingereza kinatenganisha vyote vitatu. Kuazima kwetu ni kutoa na kupokea, wakati borrow na lend hazibadilishani nafasi. Kipotoshi kisichoweza kumvuta mtu yeyote kinapoteza wino tu.

Tuje kwenye kifungu cha ufahamu, ambako ndiko mambo huharibika zaidi. Kifungu cha maneno 250 hadi 300 kinatosha, kiwe na namba za mistari kila baada ya mistari mitano, kwa herufi za saizi 12, na nakala za saizi 18 kwa wenye uoni hafifu. Mada ndiyo mtego. Ukiandika kuhusu karafuu, kijana wa Wete aliyekulia kuchambua makonyo na kuanika jamvini atajibu maswali yote bila ya kusoma mstari hata mmoja. Ukiandika kuhusu theluji, wote wanaumia sawasawa kwa jambo lisilohusiana na kusoma. Chagueni mada ambayo watu wanaijua kwa sura lakini hawaijui kwa undani: jinsi chanjo inavyofanya kazi, kwa nini betri huisha, namna matumbawe yanavyokua. Kisha fanyeni jaribio hili rahisi: wapeni watu 10 maswali bila ya kifungu. Swali ambalo 6 au 7 kati yao wanalipata halipimi kusoma, litolewe.

Kwa maswali 10, mgawanyo ninaoupendelea ni huu: 3 ya mambo yaliyotajwa wazi, 3 ya kuhitimisha jambo ambalo halikutajwa, 2 ya maana ya neno mahali lilipo, na 2 ya viwakilishi. Hayo ya viwakilishi hupuuzwa, nami nayatetea kwa nguvu. Msomaji wa Kiswahili amezoea ngeli imwonyeshe njia. Kijana alitoa kisu mkobani akakiosha: hapana shaka kilichooshwa ni kisu, maana mkoba ungeoshwa kwa u. Kiingereza kinasema “He took the knife out of the bag and washed it”, na ile it haina ngeli, inafaa kwa kisu na kwa mkoba. Msomaji lazima aitafute kwa akili. Katika aya ndefu ya sayansi yenye it na they kila mstari, mwalimu asiyejua kuzifuatilia anapotea na darasa lake zima.

Na swali moja la kuhitimisha lijibiwe kwa Kiswahili, sentensi mbili, kwa maneno yake mwenyewe. Najua wako watakaolipinga hili. Lakini tukimtaka aandike Kiingereza tunapima kuandika, na aliyefahamu barabara akakosea tahajia anapoteza alama za kufahamu. Mwongozo wa kusahihisha uandikwe kabla ya mtihani, utaje hoja zinazostahili alama, wasahihishe watu wawili kila mmoja peke yake, na wakipishana zaidi ya alama moja aitwe wa tatu.

Kabla ya kuutumia, mtihani ujaribiwe kwa wanachuo 60 wa ualimu, nusu Beit-el-Ras, Unguja, na nusu Pemba. Wapangeni kwa alama, mchukue asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini, yaani 16 na 16. Swali wakilipata 12 wa juu na 4 wa chini, tofauti ni 8. Gawanyeni kwa 16 mnapata 0.5, swali zuri, linawatenganisha wanaojua na wasiojua. Chini ya 0.2 litazamwe upya. Likitoka hasi, yaani walio chini wamelipata zaidi kuliko walio juu, angalieni kwanza ufunguo wa majibu. Mara nyingi umekosewa hapo.

Siku yenyewe, watahiniwa wa Pemba wafanyie Pemba. Aliyelala kwenye meli akashuka bandarini alfajiri hasomi sawa na aliyelala kwao Kikwajuni, mjini Unguja. Andaeni matoleo mawili yenye maswali yaleyale kwa mpangilio tofauti, nakala zitolewe mahali pamoja chini ya uangalizi na zihesabiwe kila moja, si kupelekwa kwenye duka la fotokopi. Mwezi wa Ramadhani mtihani uwe asubuhi.

Matokeo yasitoke kwa neno moja la amefaulu au hakufaulu. Kila mtahiniwa apewe karatasi yenye alama za kila sehemu: msamiati wa kawaida, maneno yenye maana mbili, viunganishi, viwakilishi, kuhitimisha. Aliyepata 9 kati ya 10 kwenye msamiati na 3 kwenye viunganishi ajue hilo siku hiyohiyo, na mwalimu mkuu atakayempokea alijue pia, ili muhula wa kwanza apangiwe mwenzake mzoefu wa kupitia naye kurasa za wiki kabla ya kuingia darasani.