Msiwaambie Wazhuang kwamba walizaliwa mwaka 1958

Wiki iliyopita nilihudhuria mhadhara kuhusu makabila ya kusini mwa China. Mzungumzaji, msomi wa kuheshimika, alisema bila kupepesa macho kwamba Wazhuang "walitengenezwa" na Chama cha Kikomunisti miaka ya 1950, kisha akaendelea na mada nyingine. Sentensi moja tu, watu karibu milioni 20 wamefutwa. Nilitoka pale na hasira ambayo hadi leo haijapoa.

Nilisoma miaka miwili Nanning, mji mkuu wa Guangxi, mkoa wa kusini mwa China wanakoishi Wazhuang wengi. Jirani yangu bwenini alikuwa Mzhuang wa Wuming, na bibi yake hakujua Kichina hata cha kuombea maji. Bibi huyo alitengenezwa na nani?

Hoja ya upande ule naijua. Msomi Katherine Kaup aliijenga vizuri katika kitabu chake cha mwaka 2000, na kuna mahali nalazimika kukubali, shingo upande. Kabla ya 1949 watu wa Guangxi walijiita kwa majina mengi. Wa kaskazini maji huyaita raemx, wa kusini naemx, na wakikutana hawaelewani kirahisi. Wa kaskazini wako karibu zaidi na Wabuyi wa Guizhou. Wa kusini na Watay na Wanung wa Vietnam. Walipoulizwa kabila lao, wengi walijibu kwamba wao ni Wahan (kabila kubwa kuliko yote China) wanaosema Kizhuang. Haya, sawa. Miaka ya 1950 jina moja likawekwa juu ya wote, na mwaka 1958 Guangxi ikafanywa mkoa unaojitawala wa Wazhuang.

Lakini jina ni kitu kimoja na asili ya watu ni kitu kingine. Jina la Wamijikenda nalo ni la miaka ya 1940, na hakuna mwenye akili timamu anayedai kwamba Wagiriama na Wadigo walianza kulima mwaka huo.

Ushahidi ninaouamini mimi uko kwenye ramani, na jirani yangu ndiye aliyenifungua macho. Siku moja tukiwa kwenye basi kuelekea kwao alininyoshea kidole kibao cha kijiji. Kilianza na herufi ya Kichina isomwayo "na", ambayo kwa Kichina maana yake ni "ile". Mhan akikisoma, hakimwambii kitu: kijiji cha "ile" nini? Kwa Kizhuang, naz ni shamba la mpunga, yale majaruba yenyewe yaliyokuwa yakimetameta maji nje ya dirisha. Kumbe karani wa Kihan alifika, akauliza hapa panaitwaje, akaandika sauti aliyoisikia bila kujua maana yake. Maana yake wenyeji walikuwapo tayari, wanalima, na wameshapapa jina. Majina ya aina hiyo yako kwa mamia Guangxi, yanavuka hadi Vietnam ya kaskazini, Laos na Thailand, kote wanakosema lugha za ukoo mmoja na Kizhuang, na kote "na" ni shamba la mpunga. Hakuna ofisi ya serikali ya miaka ya 1950 iliyoweza kuyapanda majina hayo.

Wengine huleta ushahidi wa fuvu la kale la binadamu lililopatikana Liujiang, Guangxi, mwaka 1958; mimi siliegemei. Fuvu halina lugha. Michoro myekundu ya kale ya Huashan kwenye majabali ya mto Zuojiang naipenda mno, lakini nayo haikuandikwa jina la mchoraji.

Wapo pia wanaosema Wazhuang ni wahamiaji kutoka kaskazini, na ushahidi wao ni vitabu vya nasaba. Familia nyingi huandika kwamba babu yao alitoka Shandong, mkoa wa kaskazini, na jeshi la jemadari wa Kihan Di Qing, lililomshinda Nong Zhigao, kiongozi wa uasi wa wenyeji, mwaka 1053. Mimi vitabu hivyo hunisikitisha. Kwa karne nyingi jina la Wazhuang liliandikwa kwa herufi yenye alama ya mbwa. Inayoandikwa leo, yenye maana ya nguvu, ilianza kutumika mwaka 1965 tu. Mtu ambaye watu wake wanaandikwa hivyo, na cheo na mitihani viko mikononi mwa Wahan, atakosaje kujitafutia babu Shandong?

Na kwa wanaoshikilia kwamba Chama ndicho kilichobuni yote haya: Xu Songshi alichapisha kitabu chake juu ya watu wa bonde la mto Zhujiang mwaka 1939, akiwatetea kuwa wenyeji, miaka kumi kabla ya Chama kushika nchi. Huang Xianfan, Mzhuang mwenyewe, aliandika historia fupi ya watu wake mwaka 1957. Haukupita muda akabandikwa jina la mpinzani wa mrengo wa kulia, na waliombandika ni hao hao tunaoambiwa walimtengeneza.